Mbio za gari za rimoti za betri hapa Nakuru: tuandike sheria gani kabla watu wapigane?

kijana_wa_lanet

Wadau habari zenu. Nina swali na naomba majibu kabla ya Jumapili kama inawezekana.

Hapa Lanet tuko watu tisa tunakimbiza gari za rimoti, zote za betri, hakuna ya mafuta. Tulianza tu hivyo nyuma ya hadiwea ya mjomba wa rafiki yangu, akatuachia kiwanja na zile paipu nyeusi za maji zilizobaki, tukazilaza chini zikawa kingo za njia, kona ya kwanza tukaweka taya mbili kuukuu, na kuna mruko mmoja wa udongo tuliumwagia maji tukaukanyaga na miguu mpaka ukashika. Gari ya kawaida inamaliza mzunguko kwa sekunde kama 20 hivi.

Njia iko sawa. Shida ni sheria, hatuna hata moja. Gari tano ni WLtoys 144001, zile za 1/14 ya saizi ya gari halisi. Mbili ni Traxxas Slash za mota ya brashi. Kuna mzee jirani ako na Tamiya TT-02, gari ya lami kabisa, lakini anasema atakimbia na sisi hata kama inasugua tumbo kwa vumbi. Halafu kuna jamaa (simtaji, najua anasoma hapa) alitoa mota yake akaweka brashilesi (mota isiyo na brashi ndani, kali zaidi) na betri ya seli tatu. Huyo anashinda kila kitu. Akishinda tunanyamaza, akipinduka tunashangilia, na mimi naona hiyo si mchezo tena.

Jumapili iliyopita ndio iliharibika kabisa. Tulikubaliana mbio moja ya dakika kumi, gari zote tisa pamoja, na anayehesabu ni mtoto wa darasa la sita na daftari, kila gari ikipita anachora kijiti. Gari tatu zilizima betri kabla dakika ziishe. Mwishowe daftari linasema ya bluu ina vijiti 22, mwenyewe anaapa ni 24, ukiangalia ukurasa unaona mtoto alianza kwa mstari wa bluu akahamia mstari wa nyeusi bila kujua, na mahali pengine amechoka akachora tu gari na moshi nyuma. Vijana wawili wa 144001 wamesema hawarudi.

Sasa: tugawe gari aje? Mbio iwe dakika ngapi? Tuhesabu na nini kama hatuna mashine? Na huyu wa brashilesi tumfanyie nini, maana paipu alibeba na mkokoteni wake, hatuwezi kumfukuza.

mamboleo_rc

Pole buda. Sisi Kisumu tulipitia hapo hapo, nakupa tu vile tulichomeka ndio usichomeke tena.

Kitu ya kwanza, usiandike sheria ambayo huwezi kuipima hapo uwanjani na mkono wako. Sisi tuliandika "hakuna kubadilisha mota" tukajiona wajanja. Jumapili ya kwanza mtu akashinda kwa mbali, wenzake wakasema mota si ile, yeye akasema ni ile, na ukiishika ni mkebe uleule wa 550, waya zilezile nyekundu na nyeusi. Ndani amezungusha waya mara ngapi? Hakuna mtu anajua mpaka uikate na msumeno. Tulibishana mpaka mvua ya jioni ikatufukuza na mbio ya pili haikukimbiwa.

Wenzetu nje wanaendesha kwa mtindo huohuo wa kupima. IFMAR ndio shirikisho la dunia, Marekani kuna ROAR, Ulaya EFRA. Chukua daraja la stoki (la mota za kiwango kimoja) la ROAR kwa gari za 1/10 za vumbi: mota ni brashilesi ya 17.5T, yaani idadi ya mizunguko ya waya, ikipungua mota inakimbia zaidi, kwa hivyo 13.5T ni kali kuliko 17.5T na wale wa modifaidi, daraja la huru, wanaweka yoyote. Lakini mota peke yake haitoshi maana kompyuta ya ESC, kile kidude kinachogawia mota umeme, inaweza kuiongezea mbio kwa ujanja wa taimingi (kuwahisha umeme kwa mota). Wakafanyaje? Wakasema ESC iwe kwa modi ambayo haina huo ujanja, na ikiwa kwa hiyo modi taa yake inapepesa. Wanaiita blinki. Kwa hivyo mkaguzi anainama anaangalia taa, inapepesa, pita. Haipepesi, rudi nyumbani. Hiyo ndio sheria, haihitaji mtu kuapa na mama yake.

Kwenu kitu rahisi kupima ni volti. Lipo (betri ya lithiamu) ya seli mbili ikijaa ni 8.40, ya seli tatu ni 12.6. Nunua mita ya fundi ile ndogo ya njano, simama kwa mlango, kila betri inapimwa kabla iingie kwa gari. Ikisoma juu ya 8.40 mwenyewe awashe gari azungushe taya hewani mpaka ishuke. Kuna zile lipo za HV, za volti ya juu, zinajazwa mpaka 4.35 kwa seli, yaani 8.70 kwa mbili, hapo mita itakuambia mara moja nani amekuja na ujanja. Hii peke yake imemtoa jamaa wako wa seli tatu kwa daraja la kawaida bila kumtukana.

Halafu kwa mota, tumia sheria ya kununuliwa. Unasema hivi: mbio ikiisha, yeyote aliyekimbia daraja hilo anaweza kununua mota ya mshindi hapo hapo kwa bei mliyopanga, sisi tuliweka elfu moja mia tano, na mshindi hawezi kukataa, akikataa matokeo yake yanafutwa. Hapo nani ataweka mota ya elfu sita kwa gari ya daraja la watoto? Hakuna kufungua, hakuna msumeno, hakuna kesi.

Madaraja yasizidi matatu mkiwa tisa. Mimi ningefanya mawili tu: 144001 vile ilitoka kwa katoni, taya tu na grisi ndio ubadilishe, na Huria, kila kitu kingine, hata ya seli tatu, hata TT-02 ya mzee. Daraja la mtu mmoja si daraja, ni maonyesho.

mzee_wa_tamiya

Ni mimi huyo mzee wa TT-02 na gari yangu haisugui tumbo, niliiinua wiki jana.

Vijana hamjambo. Nimecheza hii michezo tangu 1989, wakati ule tukiwa Nairobi rimoti zilikuwa za 27 MHz za kristali (kidude kinachoshika chaneli) na mkiwa wawili mmeshika chaneli moja gari yako inakimbia kwa mkono wa mwenzako mpaka kwa ukuta. Ilibidi kuwe na ubao wa vibanio vya nguo, huna kibanio cha chaneli yako huwashi. Hizi 2.4 GHz zenu hazijui hiyo shida.

Kile nataka kusema ni juu ya betri. Mbona mbio za umeme ni dakika tano? Ni kwa sababu betri za nikeli za siku hizo zilikuwa ndogo, mAh 1200 hivi (kipimo cha umeme betri inabeba), na ukiweka mota ya sifa unaongoza dakika tatu halafu unasukumwa na wale uliowacheka. Mbio ilikuwa kubana umeme. Sasa fanyeni hivyohivyo. Kila mtu, brashilesi au brashi, apewe betri ya seli mbili ya 1500 kama inayokuja na 144001. Piga hesabu: 1500 mAh ukiimaliza kwa dakika tano ni wastani wa ampea 18. Lipo huimalizi yote, acha robo hivi ndani isiharibike, unabaki na kama ampea 13 au 14. Mota ya kawaida inatosha hapo. Jirani yangu wa brashilesi akivuta ampea 25 atasimama hata dakika nne hazijafika. Hakuna haja ya kumtoa, muacheni ajifunze kidole.

mamboleo_rc

Mzee shikamoo. Wazo ni tamu, lakini utapima aje? 1500 imeandikwa kwa stika, na stika mimi naweza kuchapisha hapa Kondele bei ya chapati mbili.

mzee_wa_tamiya

Marahaba. Kwa mizani ya jikoni. Betri yenye umeme zaidi ya aina hiyohiyo ni nzito zaidi. Weka ya kiwanda kwa mizani, andika gramu, ongeza gramu tano za huruma, yoyote inayozidi hapo haingii.

mamboleo_rc

Sawa hapo umenikalisha chini 😂 naiba hiyo.

mama_wa_dereva

Mimi mnisamehe sijui ampea. Mimi ni mzazi, kijana wangu ana miaka 11 na ndio mmoja wa hao wawili "hawarudi", nimemsikia akiongea kwa simu ndio nikatafuta hapa.

Niwaambie kwa nini hakutaka kurudi, na si brashilesi. Gari yake ilipinduka kwa huo mruko mara nne na kila mara amesimama na rimoti anangoja mtu aiinue, na wale wakubwa wote macho kwa gari zao, hakuna mtu anainua ya mtoto. Dakika kumi za mbio yeye ameendesha labda sita. Halafu nauli kutoka Free Area kwenda na kurudi, na chakula. Kwa hivyo kama mnaandika sheria andikeni na nani anainua.

Ya pili ni hizo betri. Mwezi jana ameweka ichaji kwa kitanda, kwa KITANDA, na ile waya ya USB, tukaipata imevimba kama andazi. Haikushika moto lakini sikulala. Mnafundishana kukimbia, mnafundishana pia kuchaji?

kijana_wa_lanet

Aki mama pole sana, hiyo ya kuinua ni ukweli na mimi ni mmoja wa hao macho kwa gari yake. Mwambie arudi.

fundi_saa_kakamega

Nimefika nikiwa nimechelewa lakini swali la kuhesabu hakuna aliyelijibu, na la mama linajibika pamoja nalo, kwa hivyo ngoja niandike kidogo.

Mashine zipo. Wakubwa wanatumia transponda za MYLAPS, zamani iliitwa AMB, kila gari ina kidude na waya umezikwa chini ya njia, gari ikipita inahesabiwa yenyewe. Ni bei ya ng'ombe. Kuna za infraredi za bei nafuu zinaunganishwa na laptopu. Lakini mkiwa tisa msinunue chochote. Gaweni makundi mawili, tano na nne. Kundi la kwanza likikimbia, la pili liko kazini: mmoja saa na firimbi, mmoja daftari, waliobaki mashali kwa kona, yaani wa kuinua gari ikipinduka. Kisha mnabadilishana. Gari tano mtu mmoja anahesabu vizuri kama anaandika namba ya gari kwa mpangilio zinavyopita na si vijiti: 3, 1, 5, 2, 4, 3, 1, 5... ukikosa moja utaiona imepotea kwa foleni, vijiti havikuonyeshi. Sheria ya mashali nje ni kali, usiposimama kwa kona yako raundi yako nzuri kuliko zote inafutwa. Wekeni hiyo na utaona wakubwa wakikimbilia kuinua gari ya mtoto kama wanaokota noti.

Muda ni dakika tano. Lakini mbio haiishii kwa firimbi, firimbi ikilia kila gari inamaliza mzunguko iliyo ndani, na matokeo yanaandikwa mizunguko na saa, kwa mfano 14 kwa 5:08. Mwenye 14 kwa 5:08 anampiga mwenye 14 kwa 5:15, na mwenye 13 hata akimaliza kwa 5:01 yuko nyuma. Hapo bishano la 22 na 24 linaisha, maana mkikosana mnaangalia saa, haiwezekani mtu azunguke sekunde 20 kila mara halafu mzunguko mmoja ukae 40 bila kupinduka.

Raundi za mchujo msianzishe pamoja. Mmoja mmoja, unamuita "namba tatu!" anaondoka, sekunde moja mbili "namba moja!" anaondoka, na saa ya kila mtu inaanza akivuka mstari. Bila mashine hiyo ni ngumu kidogo kwa hivyo sisi huacha nafasi ya sekunde tano na kumtolea mtu hizo sekunde kwa karatasi. Faida ni kwamba kona ya kwanza hamgongani wote, na mtoto wa miaka 11 anakimbia na njia, hakimbii na taya za Slash. Tatu za mchujo, mbili nzuri zinahesabiwa. Pointi wanavyofanya huko nje ni wa kwanza 0, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea, mwenye ndogo ndio anaongoza. Kuna mtu ataniuliza mbona 1 imerukwa, ni ili kushinda raundi kuwe na uzito.

Fainali sasa ndio gridi, wote pamoja, kwa foleni ya mchujo. Fainali B (ya waliobaki nyuma kwa mchujo) kwanza na mshindi wake anapanda A aanzie nyuma kabisa. Kwa mashindano ya dunia ya umeme fainali A inakimbiwa mara tatu wanachukua mbili nzuri, gari kumi, lakini nyinyi kimbieni mara moja, na nitawaambia kwa nini: chaji. Lipo inajazwa kwa 1C, yaani ampea sawa na uwezo wa betri, 1500 ni ampea moja na nusu, hiyo ni kama saa nzima kwa chaja ya balansi (inayosawazisha seli), na ile ya USB ya kwa katoni inakula zaidi ya masaa mawili. Kama mtu ana betri moja basi anakimbia mara moja kwa saa, mkianza saa nne mpaka saa nane mmekimbia mara nne. Mchujo tatu na fainali. Ratiba yenu imeandikwa na chaja, si na nyinyi.

Mama, betri iliyovimba asiitumie tena hata mara moja. Kuchaji iwe nje, mtu akiwa hapo, betri ndani ya chungu cha udongo kilicho na mchanga chini, ile ya kupandia maua inatosha. Na weka ndoo ya mchanga kando. Hii nayo iwe sheria, anayechaji kwa gari au kwa mfuko hakimbii.

kijana_wa_lanet

Ripoti ya Jumapili.

Tulikuja saba, watoto wote wawili walirudi. Sheria tuliandika kwa kadibodi ya taili kumi tu, nyingine mmezisoma hapo juu. Stima zilipotea saa tano kasoro kama kawaida, tukatoa betri ya pikapu ya mjomba chaja zikakula hapo, ndio maana tulimaliza saa tisa na si saa nane.

Mwenye brashilesi alitoa betri yake ya seli tatu bila maneno, akakimbia na betri ya kupimwa kwa mizani. Mchujo wa kwanza aliongoza mpaka dakika ya nne, gari ikaanza kunung'unika, ESC ikakata, ikatembea kama kobe mbele ya taya za kona. TT-02 ya mzee ikampita. Mzee hakusema kitu, alipandisha tu kofia. Mchujo wa pili jamaa akapunguza kidole na akashika wa kwanza, na wa tatu pia.

Mashali ilifanya kazi. Nilikuwa kona ya mruko na nimeinua gari za watu mara kumi na moja, nimehesabu, goti langu lina vumbi hadi leo. Tulikosana mara moja tu, kwa gridi, Slash moja iliondoka kabla ya firimbi. Hatukuwa tumeandika adhabu, tukakubaliana pale pale aketi sekunde kumi kwa pembeni. Imeongezwa kwa kadibodi.

Sasa ile ya kununua mota. Daraja la 144001 alishinda kijana mmoja wa Bahati, na huyo mtoto wa mama wa hapa juu akaja mbele na pesa imekunjwa, noti ya thao moja na za mia mia, akasema nataka mota. Jamaa alicheka kwanza, halafu akaona kila mtu ananyamaza anamwangalia, akaitoa. Mtoto akaifunga mwenyewe hapo chini kwa turubai kwa haraka ndio apate kujaribu kabla tufunge, hakuacha nafasi kati ya pinioni (gia ndogo ya mota) na gia kubwa, akavuta triga mara moja kelele kama ya kusaga mahindi, meno ya plastiki yote yakaisha. Machozi karibu. Kijana wa Bahati ndio aliketi naye akamwonyesha ile ya kuweka kipande cha karatasi katikati ya meno ukikaza skrubu halafu unaitoa.

Kwa hivyo naomba: nani ana gia kubwa ya 144001 karibu? Nakuru nimetafuta sijapata na kuagiza itakaa wiki tatu.

mamboleo_rc

Niko nazo mbili hapa. Kesho asubuhi nampea dereva wa matatu ya kwanza ya Nakuru, tuma tu ya paseli na namba ya simu ya kuchukulia kwa inboksi, usiiandike hapa. Gia yenyewe ni ya mtoto, usilipe.

mama_wa_dereva

Asante sana mwanangu. Nitaichukua mimi steji. Na amenunua chungu.